Shanta Ndani ya Kabati la Bibi Harusi

Kwaru, kwaru, kwaru.

Nilifumbua macho gizani nikasikiliza. Kuna mtu alikuwa anakuna nazi uani kwangu, na adhana ya alfajiri ilikuwa bado.

Nikajifunga kanga, nikatoka. Kwenye mwanga wa koroboi nikamwona Paivi amekalia mbuzi, magoti yamemfika masikioni, jasho linamtoka. Nazi ameikuna mpaka kifuu.

"Mwanangu, nani kakutuma?"

"Shikamoo, bibi. Hakuna mtu. Siwezi kulala. Miguu yangu inataka kwenda."

"Marahaba. Leo Idi. Leo miguu inakunjwa, watu wanakula."

Akacheka, lakini macho yake yalikwenda mlangoni. Pale lilisimama shanta lake, limefungwa mikanda yote tangu usiku, kama askari anayengoja amri.

Mlionisoma juma lililopita mnamjua Paivi. Kwa wageni wangu wa leo nitasema kwa ufupi. Ni msichana wa Finland, nchi ya mbali ambako bahari inaganda, watu wakapita juu yake kwa miguu. Alikuwa anatembea nchi za watu kwa kupenda kwake tu, shanta mgongoni. Akashuka treni ya Tazara mwishoni mwa Ramadhani, akakuta nyumba za wageni zimejaa wasafiri wa sikukuu. Mimi, Bi. Mwanabaraka, mjane wa Keko Machungwa, nilimkuta stesheni amekalia mzigo wake, nikamchukua. Majirani wakasema nimeokota balaa.

Balaa sikuliona. Niliona msichana ambaye mchana wa mfungo hakunywa hata maji mbele yangu. Alikuwa anajificha chooni na chupa yake, akitoka anafuta midomo.

Kiswahili alijifunza kwao kwa mwalimu, ndiyo maana kilikuwa kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Pasipoti yake na tiketi ya ndege vilikuwa ndani ya shanta. Sikukuu ikiisha, anarudi kwa mama yake.

"Leo nakupa jina," nikamwambia, nikimpokea mbuzi. "Mwanaidi."

"Mwanaidi," akarudia taratibu. "Sasa mimi ni Mzaramo?"

"Mzaramo kamili."

Neno hilo ndilo lililotufikisha polisi kabla jua halijafika utosini.

*

Watu walikuwa wamesharudi kuswali, pilau limeshaiva na kuku wa nazi yuko jikoni, nikasikia sauti mlangoni.

"Hodi humu kwa walafi!"

"Karibu, mpagazi. Mzigo umeutua wapi?"

Alikuwa Nikodemu, fundi seremala wa hapa hapa Keko. Mkristo wa Tabora, Mnyamwezi, na mimi Mzaramo. Watani wa toka enzi za misafara, babu zake walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya pembe za ndovu. Hajawahi kukosa Idi kwangu, na Krismasi sijawahi kukosa kwake.

"Nyie Wazaramo mna mambo," akasema akifunua sufuria bila kuulizwa. "Mwezi mzima mmekula usiku kama fisi, leo mnataka mle na mchana!"

"Na wewe ambaye hujafunga hata siku moja, umefuata nini hapa?"

"Nimekuja kuwahurumia. Mtavimbiwa."

Akaonja mchuzi wa kuku. Akakunja uso.

"Nani kakuna nazi hii? Mbona naona vifuu?"

"Mjukuu wangu, Mwanaidi. Yuko bafuni anaoga."

"Mwanaidi gani? Yule mzungu?"

"Mzungu nani? Nimeshampa jina leo alfajiri. Mzaramo huyo, kama mie."

Nikodemu akaweka mwiko chini. Akapangusa mikono. Uso ukamchangamka kama mtoto aliyeonyeshwa embe.

"Ala! Basi ni mtani wangu!"

Kabla sijajibu alikuwa ameshaliendea shanta pale mlangoni. Akaliinua, likamyumbisha, akalitia mgongoni.

"Babu yangu kabeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka Bagamoyo! Mie nabeba hili mpaka karakanani kwangu, na harudishiwi mtu mpaka nipate jogoo!"

Akatoka anacheza, amejikunja kama mpagazi, watoto wa mtaa wamemfuata nyuma wanapiga vigelegele. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Paivi akatoka bafuni. Alikuwa amevaa gauni nililomnunulia mitumbani, na kanga yangu ya doti mpya mabegani. Alipendeza. Akatazama mlangoni.

"Bibi, shanta liko wapi?"

"Mtani wako kalichukua. Nikodemu, yule fundi. Utalikomboa kwa jogoo."

"Kukomboa ni nini?"

"Unampa anachotaka, naye anakurudishia chako."

Tabasamu likamtoka usoni.

"Bibi, kwetu mtu akifanya hivyo anaitwa jambazi."

"Hapa kwetu anaitwa ndugu. Kaa ule."

Akakaa. Akasimama. Akaenda mlangoni, akarudi, akakaa tena. Huko alikotoka njiani walishamwibia kamera, naye alikuwa amenieleza jinsi alivyolia peke yake kwenye behewa. Ningelikumbuka hilo ningemshika mkono. Lakini wageni wa Idi walikuwa wanaingia kwa makundi, shikamoo hapa, mkono wa Idi pale, nami nilikuwa napakua.

Nilipoinua kichwa, Paivi hayupo.

*

Nikodemu ndiye aliyerudi kwanza, mikono mitupu, akaketi kwenye mkeka akavuta sinia.

"Jogoo yuko wapi?"

"Mwenye jogoo katoka. Sijui kaenda wapi."

"Ataenda wapi? Miguu ya Mzaramo inaishia sokoni."

Alikuwa na tonge mdomoni Paivi alipoingia na askari.

Askari yule, Koplo Revelian, nitamsema vizuri mpaka kufa kwangu. Aliingia nyumba ya sikukuu na kazi mbaya, lakini alivua kofia kwanza.

"Shikamoo, bibi. Idi njema. Samahani. Nani kachukua begi la huyu sista?"

Nikodemu akainua mkono, mdomo umejaa.

"Mie hapa! Mwizi mkuu wa Temeke!"

Mkeka mzima ukacheka. Akameza, akampigia Paivi makofi.

"Huyu kweli mtani! Kanikomesha! Mie nimebeba begi, yeye kaenda kubeba polisi!"

Akanyoosha mikono afungwe pingu, huku anacheka mpaka machozi. Paivi alisimama nyuma ya koplo, amekumbatia kanga yangu, anamtazama mwizi anayefurahi kukamatwa.

Koplo hakucheka.

"Mzee, utani naujua. Lakini mlalamikaji ni mgeni wa nchi, na pasipoti yake imo humo. Twende tukalichukue, tulikabidhi, yaishe, urudi ule."

"Twende! Chakula changu mkifunike!"

Nami nikafuata nyuma.

Tulifika kwenye karakana wanakotengeneza samani kando ya barabara. Ilikuwa kimya kwa ajili ya sikukuu. Vitanda visivyo na rangi, viti vimepandishwa juu ya viti. Nikodemu akaingia mbele yetu anaimba.

Wimbo ukakatika.

Kati ya karakana palikuwa na nafasi tupu, na juu ya vumbi la mbao michirizi ya kitu kizito kilichoburuzwa.

"Kabati liko wapi?" akamwuliza mlinzi.

"La harusi? Wenyewe wamelichukua. Walikuwa walifuate kesho, ila gari limepatikana leo. Tajiri kasema wapeni, kesho gari halipatikani."

Nikodemu akakaa juu ya ubao.

"Shanta limo humo," akasema polepole. "Mlango wa kati. Nikafunga. Nilijua leo hakuna mtu wa kuligusa." Akatoa ufunguo mfukoni akautazama. "Ufunguo wenyewe huu hapa. Nilikuwa nikabidhi kesho, nikienda kuwafungia kioo."

Koplo Revelian akashusha pumzi.

"Mzee Nikodemu, mie nilitaka liwe jambo dogo. Sasa twende kituoni."

Safari hii hakunyoosha mikono mwenyewe.

*

Kituoni walimtoa mkanda na viatu, na ule ufunguo, wakamtia mahabusu. Koplo akaniletea kiti chake mwenyewe, yeye akasimama.

Nilikaa na Paivi nikamweleza utani toka mwanzo. Nikamwambia ukifiwa nyumbani, mtani wako ndiye anayekuja kukuchekesha msibani na kuchimba kaburi. Nikamwambia mtu asiye mtani hagusi kitu chako, na mtani asipokigusa, jua amekununia. Nikodemu alipoliona shanta na kuambiwa wewe ni Mzaramo, angeliacha, ingekuwa ni kukudharau.

Paivi alisikiliza akitembea. Alikwenda mpaka dirishani akarudi, akaenda tena.

"Bibi, nimemfunga ndugu yangu siku ya Idi?"

"Umemfunga mtani. Afadhali kidogo."

Akaenda kaunta.

"Afande, nataka kurudisha maneno yangu."

"Maneno yameshaandikwa, sista."

"Huyu si mwizi. Ni mtani wangu."

Koplo akamtazama, akanitazama mimi. Nikaona kona ya mdomo wake inacheza.

"Mtani hutukanwa. Hebu mtukane nisikie."

Paivi akawa mwekundu mpaka shingoni. Akafikiri sana. Akageukia mlango wa mahabusu akasimama kama mwanafunzi anayetoa shairi.

"Bwana Nikodemu! Wewe ni fundi ambaye... ambaye kitanda chako mwenyewe kina miguu mitatu!"

Sauti ikatoka gizani.

"Na wewe Mzaramo gani? Kuku wako wa nazi kajaa vifuu, nimevunja jino!"

Mahabusu wote wakaangua kicheko. Hata koplo aliinama akajifanya anatafuta kalamu.

"Haya, mie nimeamini," akasema alipoinuka. "Lakini imani yangu siyo ushahidi. Bibi, nisikilize. Zamu yangu inaisha jioni. Shanta likiletwa kabla sijaondoka, sista akalitambua, naandika mali imepatikana, mzee anaenda kwake. Nikishakabidhi zamu, anayekuja simwezi. Huyo ataona ni mwizi wa mtalii, ishu kubwa. Mzee atakaa ndani mpaka sikukuu iishe, kisha mahakamani."

Akafungua droo. Akatoa ufunguo wa kabati, akauweka juu ya kaunta, kisha akanigeuzia mgongo akatazama kalenda ukutani.

Nikauchukua. Hakugeuka.

Kabla sijatoka niliomba niongee na Nikodemu. Alikuja kwenye nondo, peku, suruali ameishika kwa mkono. Kicheko kilikuwa kimeshamwishia.

"Mtani, harusi yenyewe ipo Mwananyamala, kwa bibi harusi anaitwa Salma. Bwana harusi ni Suleiman, yule kijana anaendesha watalii mbugani."

"Nitafika."

"Mwanabaraka." Hakuwahi kuniita kwa jina langu. "Mie naingiaga vyumbani mwa watu kupima vitanda. Wananiacha na vitu vyao mle, wanaenda zao sokoni. Nikiitwa mwizi, hata kama ni siku moja, nitapima nini tena? Majeneza?"

Nikamwita Paivi tuondoke.

Paivi akatikisa kichwa. Akavuta benchi mpaka karibu na nondo, akaketi.

"Nenda, bibi. Mimi nakaa na mtani wangu. Sitaki afikiri nimekimbia."

Msichana ambaye miguu yake haikujua kutulia, ndiye aliyekataa kuondoka. Nilimpenda sana saa ile. Lakini kama ningemlazimisha kuja, haya ninayowasimulia yasingetokea.

*

Nyumba ya Salma niliijua kabla sijaulizia. Turubai limetandwa, sufuria za kukodi zimepangwa, wanawake wanachambua mchele na kuimba. Kesho yake ndiyo nikaha.

Nilipokewa vizuri mno. Sikuwa nimesema hata natoka wapi, nikaletewa juisi na mto wa kuegemea. Akaja mwanamke mrefu, kanga zimemkaa, hina mpaka kwenye viwiko. Bi. Talha, somo wa bibi harusi, mwenye kumfunda.

"Karibu, dada yangu. Upande wa bwana au wa bibi?"

Hapo ndipo ulimi uliponiwia mzito.

Nyinyi mnajua. Nyumba ya harusi haitajwi polisi. Haitajwi mahabusu wala pingu. Ni kuwatia nuksi. Bibi harusi yuko ndani amefunikwa anafukizwa, nianze mimi mgeni kumwaga habari ya wizi? Nikaona nisitiri.

"Nimetumwa na fundi wa kabati," nikasema. "Kuna mzigo wake mdogo kausahau ndani. Mlango wa kati. Ufunguo ninao."

"Mzigo gani?"

"Mdogo tu. Wa kazi."

Bi. Talha akatabasamu, lakini alitikisa kichwa.

"Dada, chumba kimeshafungwa. Kimefukizwa udi, kitanda kimetandikwa, asumini zimemwagwa. Hakiingiwi tena mpaka aingie mwenyewe na mumewe. Fundi ausubiri mzigo wake mpaka fungate iishe."

"Fungate ni juma zima!"

"Ndiyo, mwache naye apumzike."

Wanawake wakacheka. Nikamshika mkono.

"Bi. Talha, mie mtu mzima kama wewe. Nisingetoka nyumbani kwangu siku ya Idi, nikawaacha wageni, kwa ajili ya msasa na misumari. Kuna mtu ataumia sana leo. Siwezi kusema zaidi. Ingia wewe mwenyewe, peke yako. Mie sitakanyaga kizingiti. Fungua, toa, funga."

Mwanamke yule alikuwa na moyo. Angeweza kunifukuza. Akachukua ufunguo, akavua kandambili, akasema bismillah.

Nilisikia mlango wa chumba. Nikasikia ufunguo wa kabati. Nikasema kimyakimya, alhamdulillahi, Nikodemu utalala kwako.

Kisha nikasikia mkanda unafunguliwa.

Bi. Talha akatoka analiburuza shanta kwa mkanda mmoja. Alikuwa amelifungua juu, sijui aliona uzito au aliona rangi zake. Akaliweka katikati ya ukumbi. Akaingiza mkono, akatoa suruali ya jinzi. Akatoa brashi ya nywele, ina nywele ndefu za rangi ya mkonge. Akaingiza tena mkono, akatoa sidiria, akaining'iniza kwa kidole.

Nyimbo uani zikafa moja moja.

"Mzigo wa fundi," akasema Bi. Talha. "Fundi gani huyu anayevaa sidiria?"

Hakuna aliyecheka.

"Mwenye kuendesha watalii nani?" sauti ikauliza nyuma.

"Suleiman," nyingine ikajibu.

"Na kabati kalileta nani?"

"Suleiman."

"Yaa Rabi! Kaleta na vya mzungu wake humo humo!"

"Enzi hizi za kila kitu ruksa hizi! Watalii wamejaa, tulisema sie!"

"Hapana!" nikainuka. "Sikilizeni. Siyo hivyo. Shanta ni la msichana mgeni wangu. Mtani wangu kalichukua kwa utani, akalificha ndani ya kabati, hajui kama litaondoka leo. Sasa hivi yuko polisi, na..."

"Polisi!" mwanamke mmoja akashika kifua.

"Ulisema ni mzigo wa kazi," Bi. Talha akasema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Nimekuuliza, ukaniambia ni mdogo, wa kazi. Nimekuamini, nimefungua chumba cha mwanangu. Sasa unaniambia mtani, mgeni, polisi. Kati ya hayo, uongo ni upi?"

"Nilitaka kusitiri."

"Umemsitiri nani? Suleiman kakutuma ulitoe kabla ya nikaha, sivyo?"

"Wallahi simjui hata kwa sura!"

Nikaona uso wake, nikajua kiapo changu kimefika kimechelewa. Ukweli wangu ulikuwa na mkia mrefu, uongo wangu ulikuwa mfupi na nilikuwa nimeutanguliza mwenyewe.

Kilio kikasikika chumba cha uani. Kilio chembamba, cha mtu anayeziba mdomo kwa kanga. Baba wa bibi harusi akaitwa, akaja na kofia mkononi. Akaelezwa na watu saba kwa pamoja. Akalitazama shanta kama mtu anayetazama nyoka.

"Hili halitoki humu," akasema. "Na kesho hakuna nikaha mpaka huyo kijana aje aniambie hizi nywele ni za nani."

"Mzee wangu," nikamwambia, "mwenye nywele yuko hai, yuko Temeke, namleta."

"Utamleta mzungu gani? Hata Suleiman anaweza kuokota mzungu mmoja akamfundisha la kusema. Nataka huyo fundi. Fundi Nikodemu ndiye aliyenipimia kitanda cha marehemu mama yangu, nilimwachia nyumba nzima wazi. Yeye hawezi kunitazama usoni akanidanganya. Alete mdomo wake hapa, aseme ndiye aliyeliweka, shanta nitawabebea mwenyewe mpaka kwenu."

"Fundi yuko ndani, baba. Hatoki mpaka shanta lifike."

"Basi na shanta halitoki mpaka fundi afike."

Nilisimama pale, kivuli cha turubai kimeshaanza kurefuka. Huko Temeke Koplo Revelian alikuwa anatazama mlango. Paivi alikuwa kwenye benchi lake. Na mimi nilikuwa nimelipata shanta, nalitazama kwa macho yangu, hatua chache tu, na lilikuwa mbali kuliko asubuhi.

Nikaokota kanga yangu niondoke. Hakuna aliyenitoa. Walikuwa wamenigeuzia migongo, isipokuwa mtoto mmoja wa kike aliyenisogezea viatu vyangu vikae sawa.

Nilikuwa nimeshafika ukutani kwa nje, nikipita chini ya dirisha la chumba cha uani, nikasikia mtu anagonga mbao kwa kucha.

"Bibi."

Dirisha lilifunguka kiasi cha vidole viwili. Nikaona jicho moja, wanja umechirizika, na harufu ya udi ikatoka.

"Bibi, mie ndiye Salma. Natazama uso wako. Apa tena, usiwaapie wao, niapie mie. Ni kweli?"

"Kweli, mwanangu. Nakuapia kama niliyekuzaa mwenyewe."

Ndani mtu alimwita, yeye hakuitika.

"Wanataka kutuma watu kwa Suleiman usiku huu wavunje harusi. Nitawaambia naumwa, nitalala, nisiulizwe kitu mpaka asubuhi. Zaidi ya hapo sina uwezo."

"Mwanangu, zamu ya koplo inaisha leo jioni, fundi yuko..."

"Nimesikia alipo." Vidole vyenye hina mbichi vikapenya kwenye upenyo wa dirisha, vikashika ncha ya kanga yangu. "Njoo tena kesho, bibi. Asubuhi, kabla ya watu. Njoo naye huyo fundi, hata kama ana pingu. Njoo, nakuomba."